Wanunuzi Watatu Getini

Cwm Hesgin, 17 Septemba 1998

Mpwa wangu Mererid,

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu sikio langu la kulia liliondoka na baruti ya machimboni mwaka wa sabini na nne, na kwenye simu huwa najibu maswali ambayo hayakuulizwa. Vinginevyo mimi ni mzima. Mama yako ni mzima pia, anakusalimu, anauliza kama huko London unavaa soksi.

Kesi imesikilizwa juzi, chumba cha juu cha hoteli pale Bangor. Nimewafyeka. Najua ulinisihi nichukue wakili. Wakili wa nini? Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne kwa sababu walimu waliishiwa. Nikasimama mwenyewe, na suti ya mazishi.

Upande wa pili walikuja wanne. Unawajua: Harcombe na Pell, mafundi wa majumba ya kale, walioniagiza vigae vya mawe elfu sitini na mbili kwa ajili ya paa moja kule Cheshire. Kipimo cha ajabu, inchi kumi na tisa kwa tisa na nusu, unene wa kidole gumba, pauni tatu kila kigae. Miezi minane wanaume kumi na mmoja tunapasua na kuchonga. Halafu Machi, lori la kwanza limeshawasha injini, wanapiga simu: mwenye jumba amebadili mawazo, anaezeka kwa vigae vya Uhispania, poleni sana. Tangu siku hiyo vigae viko uwanjani kwangu, safu kwa safu hadi ukutani kwa mama yako, vinanyeshewa. Akifungua dirisha la jikoni haoni mlima tena, anaona vigae.

Msuluhishi, aliyewekwa na mkataba aamue badala ya jaji, anaitwa Bwana Sellick, mpima majengo mstaafu, mtu mkavu, anaandika kila neno kwa kalamu ya wino kana kwamba maneno yananunuliwa dukani. Wakili wao anaitwa Fennimore. Ana nywele laini kama za mtoto. Alinizungusha saa nzima, mara tarehe, mara hati, kisha akaegemea meza akasema kwa sauti tamu: "Bwana Parri, hebu tusaidie. Vigae vya kipimo hiki, duniani nani mwingine angevitaka?"

Mama yako ameketi karibu na mlango, Wil Tegid na wenzetu wa machimbo nyuma yangu.

Nikamwambia: "Nani angevitaka? Kijana wangu, asubuhi ileile wateja wako walipovunja mkataba, wanunuzi watatu walikuwa getini kwangu kabla chai yangu haijapoa. Watatu! Wanatoa pauni mbili na peni themanini na tano kwa kila kigae, mzigo wote, pesa mkononi. Nikawafukuza. Nikawaambia vigae hivi vina mwenyewe."

Wil akapiga paja. Fennimore akanitazama, akatabasamu kidogo, akasema, "Asante sana, Bwana Parri. Sina swali jingine," akakaa kama mtu aliyekatwa magoti. Mzee Sellick akaniomba nirudie ile bei. Nikairudia polepole ili aiandike vizuri.

Andaa viatu vya kuchezea, tutakapolipwa nitakuja kukutembeza mjini kwako mwenyewe.

Mjomba wako,
Idwal Parri


London, 20 Septemba 1998

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwenye treni na mara ya tatu mezani kwangu, ofisini kwa mawakili. Soksi ninavaa, mwambie Mama.

Hao wanunuzi watatu hukuwahi kunitajia. Pasaka nilipokuja nyumbani, wiki nne tu baada ya mkataba kuvunjwa, tulikaa jikoni ukaniambia tangu Machi getini hajaingia mtu ila mtu wa posta na mbwa wa mchungaji. Je, walikuja kweli? Nijibu hilo tu, hata kwa kadi. Nina sababu ya kuuliza, ila sitaki kukutia hofu bure.

Jambo la pili, na hili naomba ulibandike ukutani. Msuluhishi akimaliza, atawaandikia kwamba tuzo, yaani uamuzi wake, iko tayari, lakini hatampa mtu yeyote mpaka ada yake ilipwe. Ndivyo wanavyofanya. Mwenye kutaka kukata rufaa mahakamani ana siku ishirini na nane, na siku hizo hazihesabiwi tangu ulipoichukua tuzo. Zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa juu yake. Inaweza kukaa kwenye droo yake na siku zinaliwa. Ukipata taarifa, lipa, chukua, nitumie siku hiyohiyo.

Mpwa wako,
Mererid


Cwm Hesgin, 16 Oktoba 1998

Mererid mpwa wangu,

Tuzo imetoka, ina tarehe ya sita Oktoba, na imelala kwa Sellick. Unajua anataka kiasi gani ili aitoe? Pauni elfu kumi na moja na mia nne. Kwa kukaa siku mbili kwenye kiti cha hoteli! Mimi nimekaa juu ya mwamba miaka thelathini na mitano, hakuna aliyenilipa kwa kukaa.

Sasa sikiliza mbinu yangu. Silipi. Walipe Harcombe na Pell. Mshindi hatoi pesa kwenda kuchukua ushindi wake, analetewa. Jana kwenye kibanda cha chai nimewaeleza wenzangu, Wil akasema, "Idwal, na kama hukushinda?" Nikamwambia, "Wil, siku nitakayoshindwa na mtu mwenye nywele kama zile, wewe utaimba peke yako kanisani na watu watakuomba uendelee." Watu wamecheka mpaka chai imemwagika.

Hapa mvua tu. Vigae vya safu za chini vimeanza kuota ukungu wa kijani. Wanaume watano nimewaambia wapumzike kwanza. Mama yako ana kikohozi lakini si kikubwa.

Mjomba wako,
Idwal


London, 19 Oktoba 1998

Mjomba,

Hii nimeituma kwa posta ya haraka. Siku kumi na tatu zimeshaliwa. Harcombe na Pell hawana haraka, na nina hofu kwamba hawana haraka kwa sababu wanajua kilichomo. Lipa. Kopa kama huna. Usisubiri Jumatatu nyingine.

Bado hujanijibu lile la watu watatu.

Mererid


Cwm Hesgin, 24 Oktoba 1998

Mererid,

Nimelipa jana. Usiulize nimepata wapi. Tuzo hiyo hapo, kurasa kumi na tisa, nimesoma ya mwisho kwanza kama ninavyosoma gazeti.

Anasema Harcombe na Pell wamevunja mkataba. Anasema wazi kabisa, hawakuwa na haki. Nikaruka. Halafu mstari wa chini yake anasema wanilipe pauni elfu tisa na mia tatu.

Elfu tisa na mia tatu, Mererid. Mkataba ulikuwa wa pauni laki moja na themanini na sita elfu. Nimeitazama hiyo namba nikidhani mashine ya chapa imekula tarakimu. Nimempelekea mwalimu mstaafu wa kanisani aisome kwa miwani yake, naye akaona hiyohiyo. Na nusu ya ada ya Sellick ni juu yangu, ninabaki na elfu tatu na mia sita. Hiyo haitoshi hata dizeli niliyochoma kuvikata.

Mama yako aliuliza, "Imeendaje?" Nikamwambia tumeshinda. Si tumeshinda? Imeandikwa hapo.

Mpeleke mzee huyu mahakamani. Jaji mwenye akili akiona namba hizi atacheka.

Idwal


London, 26 Oktoba 1998

Mjomba wangu,

Keti kwanza.

Fungua ukurasa wa kumi na nne, aya ya arobaini na moja. Ameandika hivi: "Bwana Parri mwenyewe alieleza, kwa uwazi ninaoupongeza, kwamba siku ya kuvunjwa mkataba alikuwa na wanunuzi watatu walio tayari kuchukua mzigo wote kwa pauni 2.85. Ninamwamini."

Hapo ndipo kesi ilipokufa. Sheria hailipi kila ulichopoteza, inalipa kile ambacho usingeweza kukiepuka. Mtu akivunjiwa mkataba na bidhaa yake ina soko, anatakiwa aiuze palepale, na fidia yake ni tofauti kati ya bei ya mkataba na bei ya soko ya siku ile. Tatu kutoa mbili na themanini na tano ni peni kumi na tano. Zidisha kwa elfu sitini na mbili, utapata elfu tisa na mia tatu. Mashine haikula kitu.

Kama bidhaa haina soko, kama ni kipimo ambacho hakuna paa jingine linalokitaka, ungestahili bei karibu yote, ukitoa thamani ya kifusi tu. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yako. Ndiyo kesi nzuri kuliko zote nilizoziona tangu nianze kazi hii. Harcombe na Pell walijua. Fennimore hakuwa anakudharau alipouliza nani mwingine angevitaka. Alikuwa amekufungulia mlango, akiomba Mungu usipite. Jibu lilikuwa neno moja: hakuna.

Sasa rufaa. Mahakama haitasikiliza kesi upya. Haitakuita. Inachukua mambo yaliyotokea kama msuluhishi alivyoyaandika, iwe ameyaandika vizuri au vibaya, na inauliza swali moja tu: je, amekosea sheria? Tena lazima kwanza jaji atoe kibali, na anakitoa kwa wachache. Mwisho ni tarehe tatu Novemba. Leo ni ishirini na sita.

Nipe majina ya watu hao watatu na karatasi yoyote uliyompa Sellick inayowataja. Kama walitaka sehemu tu ya mzigo, kama walitaka uvikate upya, na kama hilo limo katika makaratasi yaliyokuwa mbele yake, nitapata pa kushika.

Wako,
Mererid


Cwm Hesgin, 28 Oktoba 1998

Mpwa wangu msomi,

Majina unayataka, majina haya hapa. Wa kwanza ni Mwairishi, Cornelius Tighe wa Drogheda, mnene, ana jino la dhahabu upande wa kushoto, alikuja na gari jeupe. Wa pili ni mzee wa Lancaster anayeezeka makanisa, Ambrose Whittle, huyu alitema mate kwenye kigae akakisugua kwa mkono wa koti, akalia machozi kwa uzuri wake. Wa tatu hakutaja jina. Alivaa kofia ya manyoya. Nadhani alikuwa anainunulia serikali fulani.

Karatasi hakuna. Sisi huku tunapeana mikono.

Sasa mwambie jaji kwamba niliwafukuza kwa sababu ya uaminifu. Mtu mwaminifu kwa mteja wake anaadhibiwa? Andika hivyo kwa herufi kubwa.

Idwal


London, 30 Oktoba 1998

Mjomba,

Drogheda hakuna Cornelius Tighe anayefanya kazi ya paa. Nimepiga simu kwa maduka manne ya vifaa vya ujenzi. Lancaster hakuna Ambrose Whittle, wala hakuwahi kuwapo, karani wa dayosisi amenitafutia hadi miaka ya hamsini.

Kisha nikampigia Wil Tegid. Nilimuuliza, "Wil, siku ile ya Machi, ulikuwa getini?"

"Nilikuwapo."

"Walikuja wanunuzi watatu?"

Akacheka. Akacheka sana, kisha akaona mimi sicheki. Akasema, "Lakini Mererid, mwanangu, kila mtu anamjua Idwal."

Nikamwambia, "Bwana Sellick hamjui."



Sikuandikii kukusimanga. Zimebaki siku nne. Niambie ukweli, wote, pamoja na ule usiouliziwa.

Mererid


Cwm Hesgin, 31 Oktoba 1998

Mererid,

Hakuja mtu.

Hakuja siku ile wala kesho yake. Nilipiga simu kwa wauzaji kumi na wanane, kuanzia Cardiff hadi Aberdeen, kwa sikio langu la kushoto, na nikawaambia bei inashuka, pauni mbili, pauni moja, nusu pauni. Walisema kipimo hicho hakikai popote. Mmoja aliniuliza kama ni meza za kulia chakula za paka.

Hapa kwetu unajua mambo yalivyo. Kwenye kibanda cha chai mtu akisema kakamata samaki wa futi nne, wenzake wanakata kimoyomoyo, wanabakiza inchi nane, na wote tumeelewana, hakuna aliyedanganywa. Nimeishi hivyo tangu nina miaka kumi na minne. Mimi nasema makubwa, wao wanapunguza, ndiyo kazi yetu sote. Yule bwana hakupunguza. Aliandika futi nne.

Na alivyouliza Fennimore, nani duniani angevitaka, mimi sikusikia swali la sheria. Nilisikia mtu anatutukana vigae vyetu. Nikageuka nikamwona mama yako ameinamisha kichwa. Mererid, siwezi kukueleza. Nilitaka ainue kichwa. Ningesema wafalme saba.

Sasa lile usiloliuliza. Pesa za mishahara na dizeli za miezi minane nilizikopa benki, elfu sabini. Benki haikutaka machimbo, ilisema ni shimo. Mama yako, Lowri, aliweka nyumba yake rehani. Alitia sahihi mwenyewe, hakudanganywa, alisema, "Mkataba umeandikwa, Idwal, tunaogopa nini?" Akasema usiambiwe, ungeacha kazi ukarudi. Na ile ada ya Sellick pia ni pesa zake, za akiba.

Benki imeandika wiki iliyopita. Wanasubiri hadi mwisho wa Januari.

Niko tayari kwenda kwa jaji kusema nilidanganya kwenye kiapo. Wanifunge. Mimi kufungwa siogopi, nimefanya kazi shimoni. Nyumba ndimo tulimozaliwa wote wawili, na wewe.

Idwal


London, 3 Novemba 1998

Mjomba,

Ombi la kibali cha rufaa nimelipeleka leo saa tisa na dakika ishirini alasiri. Wakili mmoja wa ofisini, Bwana Lumley, amenisaidia kuliandika saa ya chakula bila malipo. Ada ya mahakama nimelipa mimi.

Tumesema watu watatu getini si soko. Soko ni mahali ambapo watu wanauza na kununua kitu hicho kila siku kwa bei inayojulikana, na kwamba msuluhishi amechukua mkusanyiko wa bahati akauita soko, na hilo ni kosa la sheria. Ni hoja ya kweli. Ni nyembamba.

Barua yako ya juzi sikuitumia. Siwezi. Nimemuuliza Bwana Lumley kana kwamba ni habari ya mtu mwingine: mteja akisema shahidi aliyemwangusha alikuwa yeye mwenyewe, na alidanganya? Akavua miwani. "Mererid," akasema, "mtu akija mahakamani kuomba pesa zaidi kwa sababu alidanganya kwenye kiapo, hapewi pesa. Na wewe ukiulizwa ulijua lini, utajibu nini?" Nikasema ni swali tu.

Kwa hiyo nimepeleka karatasi kurasa kumi na mbili zinazobishana juu ya watu watatu ambao najua hawapo. Nimewaita "wanunuzi watarajiwa". Nimeandika kwa uangalifu nisiseme uongo hata mmoja, na nimehisi mkono wangu unanuka.

Kuhusu Mama na nyumba. Nina hasira nawe, na nina hasira naye, na hasira hii sijui niiweke wapi maana nyote wawili ndio niliokuwa nikiwaendea nikiwa na hasira. Usimwambie kwamba najua. Nitamwambia mimi nikija.

Mererid


London, 19 Januari 1999

Mjomba Idwal,

Jaji amejibu. Hakukuwa na kikao, walituma karatasi moja. Nakunakilia yote, ni fupi:

"Kibali kimekataliwa. Iwapo palikuwa na soko la bidhaa hizi ni swali la mambo yaliyotokea, na hilo ni la msuluhishi kuamua. Alikuwa na ushahidi. Ulitoka kwa mlalamikaji mwenyewe, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kusema jambo linalomwumiza kama si la kweli. Msuluhishi alikuwa na haki ya kumwamini."

Baada ya hapo hakuna mlango mwingine. Nimeutafuta. Bwana Lumley ameutafuta. Ninafanya kazi kwenye jengo lenye vitabu vya sheria ghorofa tatu na nimekaa humo Jumamosi mbili.

Jambo linalonitesa ni kwamba jaji hakukosea. Sellick hakukosea. Ukiwapa walichopewa, mimi pia ningeandika hivyohivyo. Nilikuwa na neno moja la kweli mfukoni, la kuokoa nyumba, na sheria haina mahali popote pa kulipokea.

Ijumaa natoka kazini mapema nipande treni ya Bangor. Benki ni mwisho wa mwezi. Mwambie Mama wewe, kabla sijafika. Hili moja naomba asilisikie kwangu.

Mererid


Cwm Hesgin, 24 Aprili 1999

Mererid,

Nyumba imekabidhiwa Alhamisi. Waliochukua ni mume na mke wa Manchester, watu wapole, watakuja wakati wa kiangazi. Wameniuliza kama kuna kelele.

Nadaiwa kukueleza nilivyomwambia mama yako, maana ulipokuja ile Januari ulimkuta keshajua na hukuuliza. Alikuwa anashusha mapazia ya chumba cha mbele kuyafua. Nikasimama mlangoni nikamwambia yote, benki, jaji, Sellick, hesabu ya peni kumi na tano. Sikupamba. Hakukatiza. Nilipomaliza akauliza, "Hakuja hata mmoja?"

Nikasema, "Hata mmoja."

Akakunja pazia mara mbili, akalilaza kwenye kiti, akachukua la pili. Kisha akasema, "Ungesema hivyo tu, Idwal."

Hakusema jingine, na mpaka leo hajalisema. Nimembebea vitu vyake hadi kwenye kile chumba cha halmashauri pale Bangor, ghorofa ya pili, dirisha linatazama maegesho ya magari. Kabati la mama yetu halikupita kwenye ngazi. Tumeliacha chini, na tuliporudi lilikuwa limechukuliwa. Kila Jumapili naenda. Ananipa chai. Anaongea nami juu ya hali ya hewa kama unavyoongea na mtu wa kituo cha basi. Ningependa anipige.

Kwenye kibanda siendi. Wil alikuja kuniita, akasema, "Njoo bwana, hakuna wa kutuchekesha." Nikakaa nao siku moja. Nikafungua mdomo kusimulia jambo dogo tu, mbuzi aliyeingia ofisi ya posta, la kweli kabisa, na nikaona wote wamenikazia macho, hakuna anayepunguza. Wanaogopa kunipunguzia sasa. Nikaiacha katikati nikanywa chai.

Machimbo nimefunga. Vigae nimeuza. Kuna mtu wa Wrexham anavisaga vinakuwa kokoto za njia za bustani, ametoa elfu nne kwa vyote. Lori la kwanza limekuja leo asubuhi. Dereva ni mtu mzima kama mimi, aliwahi kuezeka alipokuwa kijana, kabla ya mgongo kuharibika. Akashuka, akachukua kigae kimoja juu ya safu, akakipiga kwa kifundo cha kidole, kikalia vile kinavyopaswa kulia. Akakigeuza kwenye mwanga. Akasema, "Mzee, hivi vyote ni vya kusagwa?"

"Vyote."

"Vigae kama hivi? Mbona hukuviuza?"

Nikamwambia, "Hakuna aliyevitaka."

Akacheka. Akanipiga bega. "Acha utani, mzee wangu," akasema. "Kazi kama hii watu wangepigania getini. Uliwawekea bei ya kutisha, sema kweli."

Nikamwambia tena hakuna aliyevitaka. Akanikonyeza, akarudisha kigae kwenye safu taratibu kama kilivyokuwa, akanipa karatasi nitie sahihi. Nikatia. Wakaanza kupakia kwa sepetu ya mashine. Vinapovunjika vinatoa sauti kama vyombo vya nyumbani.

Safari zitakuwa kumi na moja.

Idwal